Jirani kanipa gayogayo nikamtupa, naombeni mnieleweshe huyu samaki

MamaWili

Habari zenu wapendwa. Posti ni ndefu kidogo, naombeni mnisome mpaka mwisho maana kuna mtu nimemkosea na sijui nianzie wapi.

Mi kwetu ni Kondoa, samaki niliokulia ni perege wa bwawani na dagaa wakavu wa mnadani, basi. Mwaka huu mume wangu kahamishiwa kikazi Pangani tukaja wote na mtoto, tumepanga nyumba karibu na mto, upande huu wa mjini sio ule wa Bweni. Jirani yangu ni bi mkubwa mmoja mjane, kijana wake anavua kwa mtumbwi pale mto unapoingia baharini. Toka siku ya kwanza huyu mama kanichukua kama mwanawe, ye ndo kanionyesha kisima ambacho maji yake hayana chumvi, ye ndo kanifundisha kukamua tui la kwanza lisichanganyike na la pili.

Sasa Ijumaa iliyopita magharibi kaja na sahani kaifunika kawa, ananiambia "mwanangu, kaka yako leo kapata gayogayo, nikasema na wewe uonje". Nikapokea kwa mikono miwili nikashukuru. Nilivyofunua kawa jamani. Samaki bapa kama chapati, upande mmoja rangi ya tope na madoa madoa, nikamgeuza upande wa pili mweupe pee kama karatasi. Macho yote mawili yako upande mmoja, yamesogeleana, moja liko juu kidogo ya lenzake, na mdomo umekwenda upande. Na alikuwa bado hajafa vizuri, jicho moja lilizunguka likaangalia huku na lingine limetulia kule. Mwili ulinisisimka. Nikajua ni kilema, au kapata madhara ya madawa yanayoshuka na mto kutoka mashambani huko juu, nikaogopa kumpa mtoto. Nikamfunga kwenye mfuko nikatupa jalalani.

Asubuhi paka wameshachana mfuko, mjukuu wa yule mama kapita akamwona samaki mzima yuko chini, kakimbia kwa bibi yake. Nilikuwa dirishani nikaona yote.

Bi mkubwa hajaniuliza kitu mpaka leo. Salamu ananipa vizuri tu. Ila hajaingia tena uani kwangu, na sahani yake bado iko kabatini kwangu, naiona kila nikifungua.

Naomba kujua, huyu samaki ni kilema au ndo alivyo? Analiwa? Kuna kijana wa bodaboda kaniambia wapo wanaotoa maziwa yenye sumu, ni kweli? Na kama analiwa anapikwaje. Na huyo mama nimwambie nini.

Mzawa_wa_Kilwa

Dada MamaWili pole, usijione umefanya dhambi kubwa, mtu wa bara akimwona gayogayo mara ya kwanza lazima ashtuke, hata sisi wengine tulipokuwa wadogo tulikuwa tunamgeuza geuza tunatafuta jicho lingine liko wapi. Ndo alivyoumbwa. Analiwa na ni mtamu, nyama nyeupe, laini, haina harufu kali.

Ila nikwambie kitu ambacho huenda huyo bi mkubwa hatakwambia. Gayogayo kwa wavuvi wadogo kama sisi mara nyingi haendi mnadani. Changu, chewa, kolekole hao ndo wanakwenda mnadani, wanaleta hela ya unga na mafuta ya taa. Gayogayo unampata mmoja, wawili, ukipata watatu umebahatika, wachuuzi hawampi bei, basi unamweka pembeni chini ya ubao wa mtumbwi, huyo ni kitoweo cha nyumbani. Kwa hiyo siku ile kaka yako huyo alipeleka kitoweo kwa mama yake, na mama akakitoa akakuletea wewe. Huenda wao usiku ule walikula ugali na mchuzi wa mchicha. Sikwambii ili uumie, nakwambia ujue alikupa kitu gani.

Huyu samaki makazi yake ni chini, mchangani na kwenye tope. Bamvua likiwa kubwa maji yakatoka mbali, tunakwenda usiku kwenye fungu la mchanga na karabai, siku hizi tochi za kuvaa kichwani, maji yanafika chini ya goti. Humwoni yeye, unaona mstari. Mchanga wote umetulia una vifito vifito vya mawimbi, afu mahali pamoja vile vifito vimekatika kwa mduara kama mtu kabonyeza sahani. Ukitazama vizuri juu ya mduara kuna vitone viwili vimetokeza, hayo ndo macho. Unasogea taratibu unachoma karibu na kichwa. Ukichelewa anapiga mapezi ya ukingoni mara moja, vumbi la mchanga linapanda, na likitulia hayupo, kumbe kahama hatua mbili tu kajifukia tena.

Mchana unaweza kumkanyaga. Unasikia kitu kinatetemeka chini ya unyayo, kinateleza. Ila angalia sana, samaki anaitwa taa naye anajifukia hivyo hivyo na ana mwiba wenye sumu mkiani. Sheria ya fungu ni moja, usinyanyue miguu, buruza. Ukiburuza, taa anasikia anaondoka. Ukinyanyua ukamkanyaga mgongoni, utalia siku mbili.

Kibaha_Boy

Mi ushauri wangu samaki wa ajabu ajabu msile jamani, mtu akipata madhara mtamlaumu nani. Hata bunju nae watu walisema analiwa.

MwanaBahari_Unguja

Kibaha_Boy ndugu yangu usiwaweke pamoja hawa wawili, hapo unaweza kumponza mtu. Bunju ana sumu inayoua, na kupika hakuiondoi, huyo asiliwe kabisa na asitupwe mahali watoto na kuku wanafikia. Gayogayo ni jamii nyingine mbali kabisa, watu wanamla dunia nzima, jamii yake ina aina zaidi ya 700.

Dada MamaWili, nimesomea mambo ya bahari hapa Unguja na samaki bapa nawapenda sana, niruhusu nieleze habari ya macho maana ni kitu cha kushangaza kweli na wanao wataipenda.

Gayogayo akitoka kwenye yai ni kisamaki cha kawaida. Jicho moja kulia, moja kushoto, anaogelea wima juu juu ya maji kama samaki yeyote. Ni mwangavu, ukimweka kwenye glasi unaona utumbo wake. Akifika urefu wa sentimita moja hivi, wengine zaidi kidogo inategemea na aina, mwili unapata amri ya kubadilika. Amri hiyo inatoka kwenye homoni ya tezi ya shingo, ni homoni ile ile inayomgeuza kiluwiluwi akawa chura. Fuvu linaanza kujipinda, jicho la upande mmoja linapanda taratibu kuelekea utosini, linavuka, linashuka upande wa pili linakaa karibu na mwenzake. Huku anaanza kuogelea kwa kulala upande, anazama chini, upande wa juu unapata rangi na upande wa chini unabaki mweupe. Toka hapo maisha yake ni ya chini. Kwa hiyo ule mdomo uliokwenda upande na ule weupe ulioogopa, hizo ni alama kwamba samaki kakua sawasawa.

Jicho moja kuangalia huku na lingine kule pia ni kawaida yake. Kila jicho limesimama juu kidogo ya kichwa na linazunguka kivyake, mwili wote ukiwa mchangani yeye bado anaona mbele na nyuma, anasubiri kamba au kisamaki kipite.

Ukimpata mwingine jaribu hivi. Mlaze upande wa macho uwe juu, tumbo lielekee kwako. Kichwa kikiwa mkono wako wa kushoto basi huyo ni wa macho ya kushoto, kikiwa kulia ni wa kulia. Kwa aina nyingi upande ni mmoja karibu siku zote. Kwa rangi ya tope na madoa na mahali ulipo, mlangoni mwa mto, anayefanana zaidi na wako ni yule wataalamu wanamwita Pseudorhombus arsius, wa macho ya kushoto, mdomo mpana wenye meno makali, anafika sentimita 45 akikua sana. Anapatikana toka pwani yetu hii mpaka Australia. Wachanga wake wanapenda hasa hapo ulipo, kwenye milango ya mito na vijito vya mikoko, sababu chakula ni kingi na samaki wakubwa wa kuwala ni wachache.

Na fikiria maisha ya hapo Pangani. Maji yakijaa bahari inasukuma chumvi kwenda juu mtoni, yakipwa maji ya mto yanayotoka huko Kilimanjaro na Meru yanashika eneo lile lile. Saa sita chumvi, saa sita karibu maji baridi. Samaki wengi wa miamba wakiwekwa hapo watakufa. Huyu anabadilisha kazi ya matamvua na figo kulingana na maji, chumvi ikizidi matamvua yanaitoa, maji baridi yakizidi figo zinayatoa. Anafanya hivyo kila siku huku kalala kimya kwenye tope.

Kuhusu madawa ya mashambani wasiwasi wako wa kumlinda mtoto ni mzuri, ila macho sio kipimo chake.

AbuMuna_Muscat

Assalaam alaykum nyote. Mimi mtu wa Unguja lakini makazi yangu Muscat mwaka wa kumi na tisa sasa. Mada hii imenirudisha mbali.

Nilifanya kazi na Wamisri jikoni kwenye kampuni moja, wao samaki bapa kama huyu wanamwita samak Musa, samaki wa Musa. Wanahadithia kwamba Nabii Musa alipoipiga bahari kwa fimbo ikapasuka, huyu samaki alikuwa katikati ya njia, akapasuliwa sawasawa nusu mbili, na kila nusu ikaenda zake inaogelea. Ndio maana upande mmoja ana rangi na macho, upande wa pili ni mweupe kama nyama ya ndani. Ni hadithi ya watu, haimo kwenye aya, lakini kila nikimwona samaki huyu sokoni Mutrah naikumbuka.

Na dada kama una shaka ya dini, kwetu samaki ni halali, macho yakae yatakavyokaa.

Sasa huyo wa maziwa aliyeambiwa na kijana wa bodaboda, yupo kweli? Nami nilisikia utotoni, babu yangu alikuwa akisema "usimkamue".

MwanaBahari_Unguja

Waalaykum salaam AbuMuna. Yupo, na babu yako alisema kweli.

Ni gayogayo mwingine, wa macho ya kulia, jina lake la kitaalamu Pardachirus marmoratus, yuko Bahari ya Shamu na pwani yetu yote mpaka Durban. Mwili wake umeviringa kama jani pana, ana madoa ya kahawia na meupe kama marumaru, na hana kabisa yale mapezi ya ubavuni nyuma ya shavu. Kando kando ya mapezi ya juu na ya chini ana mstari wa vitundu vidogo, ukimbana vinatoa ute mweupe kama maziwa.

Huyo ana habari yake kubwa. Miaka ya 1970 mwanasayansi wa Marekani, mama mmoja aitwaye Eugenie Clark ambaye maisha yake yote alikuwa akisomea papa, alikuwa anafanya kazi Bahari ya Shamu. Alipomshika huyu samaki akaona maziwa yanamwagika na vidole vinamsisimka. Akamjaribu kwenye tangi lenye papa. Papa alikwenda moja kwa moja, mdomo wazi, ameshamfikia, akashindwa kufunga taya. Akabaki na mdomo wazi anatingisha kichwa akaondoka. Sumu yenyewe ikaitwa pardaksini, inaharibu utando wa seli kama vile sabuni inavyokata mafuta. Watu wakatumaini itatengenezwa dawa ya kufukuza papa kwa wazamiaji, ila haikai, inaharibika upesi. Baadae wakagundua hata kemikali za kawaida za sabuni zinaweza kumkera papa kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo kijana wa bodaboda hakudanganya. Ila wa kwako ulisema upande wa juu rangi ya tope, na hukutaja maziwa, na ametoka kwa mvuvi anayejua anachompelekea mama yake.

Mzawa_wa_Kilwa

Huyo wa marumaru tunamjua, akiingia kwenye wavu wa jarife tunamnasua taratibu kwa kushika kichwa tunamrudisha majini. Hapo ndo uzuri wa kupewa samaki na mtu wa kazi, anakuwa ameshakuchagulia.

Bint_Mida

Salaam kutoka Watamu. Hapa kwetu Mida kuna hori la mikoko, maji yatoka baharini yaingia ndani kabisa, na gayogayo wamo. Mimi nlilelewa na nyanya yangu ambaye alikuwa akienda ufuoni na wanawake wenzake, na samaki huyu ndiye wa kwanza kufunzwa kumpara, kwa sababu hana kazi nyingi. Dadangu ntakueleza vile nyanya alivyonifunza, usihangaike na video za intaneti.

Kwanza mpake chumvi nyingi na ndimu umsugue pande zote mbili mpaka ule ute utoke, maana ana ute. Suuza. Afu mpare magamba kwa mgongo wa kisu kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yake ni madogo sana ukipapasa tu ndo wayasikia. Utumbo wake uko karibu na kichwa, kijisehemu kidogo tu, wakata mshazari nyuma ya shavu vyote vyatoka pamoja. Mapezi ya ukingoni yale kama pindo la leso, yakate kwa mkasi kwa sababu ndiyo yenye vimiba vidogo, na hivyo ndivyo vya kuogopea kwa mtoto. Ukishayatoa, umebaki na mwiba mmoja wa katikati, mkubwa, waonekana. Ukimla hutafuti miba, wabandua nyama tu vipande vinne, viwili juu viwili chini.

Mchanje mistari mitatu upande wa giza. Kitunguu saumu, chumvi, ndimu, pilipili kidogo, muache nusu saa usizidishe, ndimu ikikaa sana nyama yake yalegea. Mafuta yapate moto kweli. Anza na upande wa giza, na ukishamuweka usimguse mpaka ukingo ugeuke rangi ya dhahabu, ukimgeuza mapema avunjika. Hapo waweza kumla hivyo kwa ugali au umtie kwenye tui zito na nyanya na ukwaju kidogo, uchemshe mara moja tu utoe.

Wengine huchuna ngozi ya juu. Nyanya hakukubali hata siku moja. Ngozi ikikaangika ndiyo tamu.

Na naomba niseme jambo jengine kwa sababu laniuma. Zamani nyanya alikuwa akipata wakubwa, wa kujaza sinia. Siku hizi ukubwa ni wa kiganja. Juya la kukokota limepigwa marufuku Kenya na hata huko kwenu Tanzania lakini usiku watu hulivuta, na juya lafagia chini, lachukua vitoto vyote vya gayogayo ambavyo havijafika hata kidole. Kule ghuba ya Ungwana zilikuwako meli za kuvua kamba, zikawa zakwangua chini hivyo hivyo mpaka wavuvi wadogo wakapiga kelele zikasimamishwa 2006. Samaki wa chini hana pa kukimbilia, yeye ulinzi wake ni kujifukia na kutulia, na wavu huo wafuata hapo hapo alipojifukia.

Mzawa_wa_Kilwa

Bint Mida umenena. Ila ngozi ya juu mi nachuna, tope lake linabaki na ladha, hasa wa mtoni. Hapo tutatofautiana mpaka kiama.

Bint_Mida

Umsugue na chumvi sawasawa kakangu, hiyo ladha ya tope ni uvivu wa jikoni.

Salumu_Kiel

Wakuu mada nzuri hii. Mi ni mtoto wa Bagamoyo niko Ujerumani kaskazini, mji wa Kiel, bahari ya Baltiki iko hapa hapa. Samaki wa kwanza kumtambua sokoni huku alikuwa ndugu yake gayogayo, wanamwita Flunder. Nilisimama pale mezani kama nimemwona mtu wa kwetu.

Huyu naye ana tabia kama alizosema MwanaBahari, anazaliana baharini afu wachanga wanaingia mitoni, mto Elbe wanapanda mpaka kwenye maji baridi kabisa. Kawaida macho yake yako kulia lakini kuna sehemu hadi asilimia 30 wanakuwa wa kushoto, ukimwaga kreti unaweza kuwakuta wanatazamana.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba Baltiki chumvi yake ni kidogo, na mayai ya samaki yanahitaji chumvi ya kutosha ili yaelee. Sasa kule ndani zaidi, upande wa Finland, wapo wanaozalia pwani na mayai yao yanazama, yanakua chini mchangani. Miaka yote walijua ni Flunder yule yule mwenye tabia mbili, mpaka 2018 wataalamu wakatangaza kwamba ni samaki wawili tofauti, yule wa mayai yanayozama akapewa jina lake, Platichthys solemdali. Kwa macho huwezi kuwatenganisha, ilibidi waangalie vinasaba na mbegu na mayai.

Huku wanamfukiza moshi mzima mzima, ngozi inakuwa ya dhahabu, anauzwa na mkate. Wengine wanamkaanga na siagi. Wajerumani wana usemi, bapa kama Flunder, yani mtu aliyepigwa na butwaa. Mimi namkaanga kwa ndimu na pilipili, majirani wanagonga mlango wanauliza unapika nini.

Dada MamaWili kuhusu jirani, sahani isirudi tupu. Wewe ni mtu wa bara, lakini hii nafikiri hata Kondoa ipo.

AbuMuna_Muscat

Hapo Salumu umegonga penyewe. Binti yangu, sahani ya jirani kukaa kabatini ndiyo inayouma kuliko samaki. Yeye hawezi kuifuata, ataonekana anadai. Iweke kitu chochote cha kwenu, ipeleke mwenyewe usimtume mtoto, ukae chini, umwambie kama ulivyotuambia sisi. Usitunge kwamba paka waliiba. Mjukuu alishaona.

MamaWili

Jamani nimesoma zote mara mbili, nyingine nimemsomea mume wangu. Ile ya Mzawa wa Kilwa, kwamba huenda wao walikula mchicha, nilisimama nikaenda nje.

Kondoa ipo, Salumu. Kwetu kibuyu au bakuli la jirani halirudi tupu hata kama ni chumvi utaweka. Nimesahau mila yangu mwenyewe kwa aibu tu.

Jana nilikaanga karanga alizonitumia mama yangu nikajaza ile sahani nikafunika na kawa yake mwenyewe, nikavuka ua. Nilimkuta anasuka ukili. Nikamwambia yote, kwamba sikuwahi kumwona samaki wa hivyo, niliogopa macho, nikadhani ni mgonjwa, nikatupa, na nimekaa siku tano nashindwa kuja. Alinyamaza akaendelea kusuka kidogo. Afu akaniuliza, "macho ndo yalikutisha?" Nikasema ndio mama. Akacheka mpaka akaweka ukili chini, akamwita mjukuu, "njoo usikie, shangazi yako aliogopa kutazamwa". Akasema yeye alijua nimemdharau kwa sababu samaki hakuwa changu.

Leo alfajiri kaka kaja na wawili. Mama kaniita jikoni kwake sio kwangu, kanipa kisu. Bint Mida, kila ulichosema kafanya, chumvi, mkasi kwenye lile pindo, utumbo wa mshazari. Nikamlaza tumbo kwangu kama alivyosema MwanaBahari, vichwa vyote viwili kushoto. Nilimweleza mama habari ya jicho kuhama, hakuwa anaijua, akamtazama yule samaki kwa muda mrefu, akapitisha kidole toka upande mweupe mahali jicho lingekuwa, juu utosini, mpaka lilipo. Akasema "maskini, safari yote hii".

Ngozi hakuchuna. Wili kala upande mzima peke yake, kabaki na mwiba mkononi kama kitana.

Wiki ijayo bamvua kubwa, mama kaniambia nitakwenda naye kwenye fungu asubuhi maji yakitoka, nione anavyojifukia. Sijawahi kuingia baharini zaidi ya vifundo. Nivae nini miguuni?

Mzawa_wa_Kilwa

Raba za zamani zenye soli ngumu, ufunge kamba vizuri tope lisizivue. Kandambili usithubutu. Tembea nyuma ya mama, pale anapopita yeye. Na buruza dada, buruza.